Darasa Lisilo na Nyuma

9 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mkaza mjomba, na kwamba mvua imewaachia paa. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama limepunguza maudhi tangu alipoanza kutembea kila asubuhi. Anasema hatembei kwa ajili ya goti. Ni kwamba daktari aliyemshauri ni kijana mwenye adabu, naye Mama hapendi kumvunja moyo. Kaka amehamia chumba cha uani pamoja na redio yake, nasi tumeanza kusikilizana tena mezani.

Sasa niingie katika kiini cha barua. Nina furaha kukuarifu kwamba nimeajiriwa katika Idara ya Elimu, kitengo cha taarifa, kwa muda wa majaribio. Meza yangu ina droo isiyofunguka na dirisha linalotazama ukuta, lakini ni meza, na juu yake kuna kibao chenye cheo changu. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ni kupokea mapendekezo ya Tuzo ya Mwalimu Bora wa Vijijini. Nimeyasoma yote yaliyokwisha kufika. Bila kumdharau yeyote, Mjomba, sijaona hata mmoja anayekufikia.

Kwa hiyo nimeazimia kuandika wasifu wako kwa mkono wangu mwenyewe, hasa kwa kuwa Desemba unastaafu na nafasi kama hii haitarudi. Mkuu wa Idara ameridhia, mradi undugu wetu utajwe waziwazi, nami nimeutaja. Ili kazi iwe na hadhi inayostahili, naomba unijibu kwa mpangilio huu: mwaka ulioanza kazi, vyeo ulivyopitia, mafanikio, changamoto, na falsafa yako ya ufundishaji.

Nakuahidi kwamba sitaandika neno litakalokuaibisha.

Mpwa wako mtiifu.


14 Machi

Mpwa wangu, Bi Kalamu,

Marahaba. Nakuita jina hilo kwa kuwa sasa umelipata kwa mshahara. Zamani tulikuita bure. Barua yako ilichelewa. Barua zetu huja na gari la dawa za zahanati, na mwezi uliopita dawa hazikuja, kwa hiyo hata salamu hazikuja. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Bado ni mkunga, bado anaamshwa usiku. Watoto wa hapa huwapokea yeye kwanza wakilia. Miaka michache baadaye nawapokea mimi, wakilia vilevile. Mwambie dada yangu aendelee kumheshimu huyo daktari.

Nimesoma maswali yako na nayajibu kwa mpangilio ulioutaka.

Mwaka nilioanza: nilipokuwa na nywele. Vyeo: mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha mwalimu mkuu anayefunga milango mwenyewe. Mafanikio: waulize waliosoma. Changamoto: barabara. Falsafa ya ufundishaji: kufika kabla ya watoto.

Naona hutaridhika, basi nikuongezee. Nilipangiwa hapa kwa mwaka mmoja, nikakubali kwa kuwa nilitaka kuonekana mtiifu. Shule ilikuwa na vyumba viwili na mwalimu mmoja aliyekuwa akiugua. Wazazi walifyatua matofali, mimi nikabeba maji. Tukapata chumba cha tatu, kisha cha nne. Mwaka ukaisha nikiwa nimewafundisha watoto nusu ya kitabu. Sikuona namna ya kumwachia mtu mwingine nusu ya kitabu. Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo historia yangu yote, na haihitaji kuambatishwa picha.

Tuzo wape vijana. Wao bado wana ukuta wa kuitundikia.

Mjomba wako.


30 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole na shughuli za mwisho wa muhula. Mama amecheka barua yako mpaka akasahau goti, kisha akainuka ghafla na goti likajikumbusha. Ananituma nikuambie kwamba unyenyekevu wako ni ukaidi uliovaa kanzu safi.

Mjomba, kwa heshima zote, majibu yako yamenifurahisha kama mpwa lakini hayanitoshi kama mtumishi wa Idara. Jopo la tuzo halitashawishika kwa neno "barabara". Wapo washindani ambao wasifu wao una majedwali yenye rangi. Ninahitaji jambo moja mahususi, jambo ambalo likisomwa mbele ya watu halitasahaulika.

Mama ameniambia jambo la namna hiyo, nami sikuamini. Anasema mwalimu wa hesabu alihamishwa mwaka jana, na kwamba tangu hapo unafundisha darasa la sita na la saba peke yako, katika chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Nilidhani anatia chumvi, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu hawezi kugawa usikivu wake bila kupoteza pande zote mbili. Kama ni kweli, unafanyaje? Nauliza kwa dhati. Nina shahada ya ualimu na sijui jibu.

Mpwa wako mtiifu.


21 Aprili

Bi Kalamu,

Marahaba. Tu wazima. Mkaza mjomba wako juzi amezalisha mapacha, na baba yao alipoambiwa alikaa chini kwenye maua. Sasa anatutaka radhi kwa maua, na kwa mapacha amefurahi.

Umeuliza swali la mwalimu, nami siwezi kuliacha bila jibu.

Nimetundika mbao mbili: moja ukuta wa mashariki, moja ukuta wa magharibi. Madawati ya darasa la saba yanatazama mashariki, ya darasa la sita yanatazama magharibi. Wanapeana migongo. Katikati kuna ujia, na humo ndimo ninamoishi. Nikifundisha la saba kwa sauti, la sita wanaandika. Nikimaliza nageuka, la sita wanasikiliza, la saba wanaandika. Kanuni ya chumba ni moja tu: hakuna kugeuka. Anayegeuka anafuta mbao zote mbili jioni.

Mwanzoni nilidhani kelele ya upande mmoja itauharibu mwingine. Ilitokea kinyume chake. Mtoto wa darasa la sita anaandika zoezi lake huku masikio yake yakiwa nyuma, na somo la darasa la saba linamwingia kwa kisogo. Akipanda darasa mwaka unaofuata, analikuta somo kama wimbo aliousikia kwa jirani. Anachokosa ni maneno tu. Wa saba nao husikia tena ya mwaka jana, na aliyekuwa hakuelewa huelewa kimyakimya bila kujitangaza. Nimefundisha miaka mingi kwa njia ya kawaida na sijawahi kuona kitu kinachofanana na hicho. Nakiri kwamba jioni nikifunga mlango huwa natabasamu peke yangu.

Hayo nimekueleza wewe, kwa kuwa umeuliza kama mwenzangu.

Mjomba wako.


8 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, Kaka ameazima redio nyingine, nami sijawahi kuwa na wiki njema kama hii.

Wasifu umekamilika na umewasilishwa. Nakunukulia sehemu iliyosifiwa zaidi: "Yamkini wapo walimu wanaosimama mbele ya darasa moja na kulemewa. Mwalimu huyu, baada ya kuondokewa na mwenzake, amesimama kati ya madarasa mawili, akaigeuza migongo yao kuwa mlango wa elimu." Mkuu wa Idara aliisoma mara mbili, na mara ya pili alivua miwani. Huyu ni mtu ambaye ofisini tunamwita Bwana Nukta, kwa kuwa akizungumza hakuna anayeendelea. Alisema, "Binti, hii imeandikwa." Kisha akaagiza nakala zisambazwe kwa wajumbe wote wa jopo, wakiwemo wa kitengo cha ukaguzi.

Umeingia katika orodha ya mwisho, Mjomba. Nimekuandikia usiku huu huu ili uwe wa kwanza kujua.

Mpwa wako mwenye fahari.


3 Julai

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ukimya wako ni wa gari la dawa. Mama anauliza habari zako kila jioni, nami namjibu kwamba uko katika mitihani ya nusu mwaka, ingawa najua imekwisha.

Nitakwenda moja kwa moja. Bwana Nukta aliniita Ijumaa. Juu ya meza yake palikuwa na wasifu wangu, na kando yake waraka wa Idara ambao nilipaswa kuufahamu. Waraka unasema kwamba darasa lisilo na mwalimu wake litahamishiwa shule jirani muhula unaofuata. Wajumbe wa ukaguzi waliusoma wasifu kwa furaha mpaka walipofika kwenye maneno "baada ya kuondokewa na mwenzake", wakaanza kuulizana mbona shule yako haionekani popote miongoni mwa shule zenye upungufu.

Kwa hiyo sifa nilizokuandikia zimekuwa ushahidi dhidi yako. Darasa la saba linaweza kuhamishiwa ng'ambo ya bonde miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho. Sikujua, na kutojua huko kunanichoma, kwa kuwa kazi yangu ni kujua.

Bwana Nukta hana nia mbaya. Alinipa njia. "Andika," alisema, "kwamba ilikuwa lugha ya kupamba. Wasifu wote hupambwa. Tutaitoa shule kwenye orodha ya tuzo, na jambo hili litalala." Nikamuuliza, "Na darasa?" Akasema, "Lililolala haliulizwi." Barua hiyo nimeshaiandaa. Inasema kwamba nilitia chumvi. Haijasainiwa. Nisaini?

Mpwa wako.


19 Julai

Bi Kalamu,

Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba mimi ni mzima, na kwamba mitihani imekwisha.

Barua yako ya Mei ilifika kwa wakati. Gari la dawa halina kosa. Niliisoma nikajua kitakachofuata, nikashindwa kuandika, kwa kuwa kila nilichoandika kilikuwa kama lawama, nawe hukustahili lawama. Ningetaka usiseme, ningekuambia usiseme.

Sasa sikiliza nisichomwambia mtu. Mwalimu wa hesabu alipohamishwa, Idara iliandika kwamba mbadala anakuja. Mbadala hakuja, nami sikuuliza. Ningeuliza, wangeukumbuka waraka. Miaka mingi iliyopita waliukumbuka mara moja. Darasa la saba likapelekwa ng'ambo ya bonde. Wavulana walikwenda na kurudi kila siku, wakachoka, wakapungua. Wasichana walipangishwa kwa watu wasiowajua. Kabla ya mtihani wote walikuwa wamerudi kwa mama zao, na aliyemaliza shule kati yao ni mmoja tu, tena baada ya kurudi kwangu na kuanza upya akiwa mkubwa kuliko wenzake. Leo anafundisha darasa la tatu hapa, akisaidiana na mwenzake, na watoto wanamwita Mwalimu Taratibu. Wengine nawaona njiani. Wananiamkia kwa heshima, nami sipendi kuwaangalia usoni.

Mwaka huu katika darasa la saba wasichana ni wengi kuliko wavulana. Haijawahi kutokea.

Usisaini. Uliloandika ni kweli, na mtu akishatamka kwamba ni chumvi, basi kila ninachofanya katika chumba hiki kitaitwa chumvi, hata na mtu atakayenifuata. Waambie waje kuona. Waje siku ya kawaida, bila taarifa. Nisipotayarishwa ndipo nilipo tayari.

Mjomba wako.


2 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua ile ya chumvi niliichana mbele ya Bwana Nukta. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kufuatia, yenye aya, lakini nilipofika pale yakapotea yote. Nikasema tu, "Si chumvi. Nendeni mkaone."

Akaniuliza, "Unajua uko kwenye majaribio?"

"Najua, Mkuu."

"Mkaguzi akikuta wasifu wako umepita ukweli, sitaweza kukutetea."

"Na akikuta ukweli umepita wasifu?"

Hapo alitafuta nukta yake akaikosa. Mkaguzi anakuja, Mjomba. Siku sikuuliza, ili nisiwe na la kukuambia.

Mama amejua yote. Ameniambia kwamba nimerithi ukaidi wa upande wenu, na jioni hiyo akanipa kipande kikubwa cha nyama.

Mpwa wako.


10 Septemba

Bi Kalamu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako alikuwa na homa kidogo, imekwisha, na sasa anawakemea wanaomuuliza hali.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye desturi ya wakaguzi wote: akiingia darasani huenda kukaa nyuma. Alisimama mlangoni akaitafuta nyuma ya darasa, hakuiona. Kila alipoelekea palikuwa mbele ya mtu, isipokuwa ujia, na humo nilikuwamo mimi.

"Mwalimu, nikae wapi?"

"Popote. Lakini utaonekana."

Mwishowe akaweka kiti katikati ya ujia, akatazama dirishani kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Nikaendelea na kazi. Darasa la saba tulikuwa kwenye hesabu za sehemu, la sita walikuwa wanaandika insha. Baada ya muda aliomba kuuliza swali, akaligeukia la saba.

"Tangi lina maji robo tatu. Mkitoa thuluthi ya maji hayo, tangi litabaki na sehemu gani?"

La saba walikuwa wanahesabu kwa vidole chini ya madawati. Nyuma yao, yaani mbele ya wenzao, mkono ukapanda kutoka darasa la sita. Kichwa hakikugeuka. Mkono tu, umesimama, na uso unatazama ubao wa magharibi.

"Wewe ni wa darasa gani?" akauliza Mkaguzi.

"La sita."

"Swali ni la darasa la saba."

"Najua. Ndiyo maana sijageuka."

Akasogea karibu naye. "Haya, jibu?"

"Nusu."

"Nani amekufundisha?"

"Bado sijafundishwa. Nasikiaga tu."

Mvulana mmoja wa darasa la saba akanong'ona kwa sauti ya kusikika kila mahali, "Huyu anatuharibia soko." Chumba kizima kikacheka, pande zote mbili, bila mtu kugeuka. Mkaguzi aliinamia viatu vyake kwa muda mrefu, nami nadhani hakuwa anaviangalia viatu. Alikaa mpaka kengele ya mwisho. Aliwauliza la saba mengine mengi, nao wakajikomboa vizuri sana, hasa wasichana, waliokuwa wameudhika.

Ilipofika jioni tulisimama barazani. Aliniambia, "Nilichosoma ni kidogo kuliko nilichokiona. Lakini mwalimu, hili darasa ni wewe. Desemba ukiondoka, Januari litakuwa nani?"

Wamenikagua wengi katika maisha yangu na wote niliwajibu. Huyu nilimsindikiza tu hadi kwenye gari lake.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Mjomba wako.


28 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Uamuzi umetoka, na ninakuandikia nikiwa bado nimesimama.

Darasa la saba litabaki na kufanya mtihani hapo hapo. Chumba kimekubaliwa mwaka ujao pia, kwa sharti moja: kabla hujastaafu, awepo mwalimu mwingine aliyejifunza kukiendesha, naye athibitishwe na Mkaguzi mwenyewe. Asipopatikana, waraka utafuata mkondo wake. Tuzo amepewa mwalimu mwenye majedwali ya rangi. Nimempongeza kwa maandishi, na nilimaanisha karibu yote.

Kuhusu sharti hilo, nina pendekezo rasmi. Nipangiwe mimi. Nina shahada, nina nguvu, sina familia ya kuhamisha, na ninaifahamu falsafa yako kuliko mtu yeyote nje ya chumba hicho. Nilipolifikisha kwa Bwana Nukta alisema, "Shahada unayo. Chaki je?" Nikamjibu kwamba chaki hujifunzwa. Hakukataa. Ninasubiri neno lako tu, ili nianze kufunga mizigo.

Najua hukuniomba. Ndiyo maana nimejitolea.

Mpwa wako.


15 Oktoba

Bi Kalamu,

Marahaba, na nimeisoma barua yako kwa sauti ili mkaza mjomba wako asikie. Alisema, "Mtoto huyu ana moyo." Kisha akasema, "Mkatalie."

Nakukatalia. Ungekuja, ungefanya kazi vizuri, ungekaa mwaka mmoja na nusu, ungeandika kitabu chenye jalada gumu, nao wangekupandisha cheo kwa haki kabisa. Baada ya hapo darasa lingekuwa pale pale lilipo leo, likisubiri mtu. Sisemi kwa kukupunguza. Wewe umeumbwa kwa kwenda mbele, na chumba changu hakina mbele moja.

Nimempata mtu, na nilichelewa kumwona kwa sababu alikuwa karibu mno. Siku ya pili baada ya Mkaguzi kuondoka nilimwingiza Mwalimu Taratibu kwenye ujia. Siku ya kwanza alipaaza sauti ili pande zote zimsikie, akapotewa na sauti kabla ya adhuhuri. Binti mmoja wa darasa la sita akamwambia, "Mwalimu, sema na sisi tu. Wale watasikia wenyewe." Siku ya pili alisema nao tu. Wiki ya tatu niliketi barazani na gazeti, na hakuna aliyekuja kuniita. Nilikaa pale mpaka jua likahama. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kufurahi na kuudhika kwa kitu kimoja.

Hatapandishwa cheo akaondoka. Amejenga hapa, mama yake yuko hapa, na anajua darasa lililohamishwa linaelekea wapi, kwa kuwa alikwenda nalo. Mkaguzi anakuja kumwona mwezi ujao.

Ila ipo kazi ambayo mimi siwezi kuifanya, nawe unaweza kutoka kwenye meza hiyo ya dirisha linalotazama ukuta. Mimi nimeficha darasa. Sitashangaa nikisikia wapo wengine wanaoficha, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Waraka ule ubadilishe. Ukipata cheo kwa kuubadilisha, kila la heri, kipokee.

Mjomba wako.


4 Novemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nilikasirika kwa siku kadhaa. Mama anaweza kuthibitisha. Kisha nikachukua kalamu.

Mkaguzi amekubali kuweka jina lake kando ya langu. Bwana Nukta atawasilisha rasimu kwenye kikao cha Januari. Alipoisoma alisema, "Ongeza tarehe," na kwa kawaida yake hayo ni makofi. Nimethibitishwa kazini pia, lakini hiyo ni habari ndogo.

Naomba uisahihishe sentensi kuu kabla haijaenda mbali: "Endapo itabainika kwamba darasa lolote, kwa sababu yoyote ile, halina mwalimu wake mahususi, mamlaka husika, kabla ya kuchukua hatua yoyote ya kulihamishia darasa hilo katika shule jirani, itapaswa kufanya tathmini ya kina ya mazingira halisi ya ufundishaji na ujifunzaji."

Mpwa wako.


27 Novemba

Bi Kalamu,

Marahaba, na hongera kwa habari ndogo. Mkaza mjomba wako ameshaitangaza zahanati nzima, hata kwa wagonjwa wasiokujua.

Sentensi yako nimeisahihisha. Isomeke: "Darasa lisihamishwe kabla halijatembelewa." Maneno yaliyobaki yarudishe stoo, ni mazuri, yatakufaa siku nyingine. Usikate tamaa, ulianza ukurasa kwa herufi kubwa na ukaumaliza kwa nukta.

Mkaguzi alikuja kumwona Mwalimu Taratibu. Hakuuliza akae wapi. Aliweka kiti kwenye ujia, akatulia saa nzima, na alipotoka aliniambia neno moja: "Januari." Nikaelewa.

Mtihani wa mwisho umefanyika wiki iliyopita. Msimamizi alikuja kutoka mbali akiwa na kanuni zake, akaamuru madawati yote yatazame upande mmoja, nasi tukayageuza. Darasa la sita walipewa mapumziko. Chumba kilionekana kikubwa mno, kama nyumba iliyohamwa. Wasichana wote walifika. Hakuna aliyekosa, hata mmoja, na mmoja niliyekuwa na wasiwasi naye alifika kabla yangu, akanikuta natafuta ufunguo.

Mwalimu wao haruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mimi na Mwalimu Taratibu tulisimama nje, mbali kidogo na dirisha, tukatazama. Wote walikuwa wametupa migongo. Mimi nimezoea kuona nusu tu kwa wakati mmoja. Nikamwambia, "Sijui wanaandika nini."

Akanijibu, "Acha wakupe mgongo, Mwalimu. Ndivyo ulivyowafundisha."

Hakuna aliyegeuka.

Mjomba wako.